Mwendo na Kituo

Kwa miaka mingi breki kubwa kuliko zote katika nyanda za juu za Kigoma ilikuwa ni barabara yenyewe. Atokaye Kigoma mjini kwenda Kasulu, na kutoka Kasulu kwenda Kibondo, alikuwa akipita katika udongo mwekundu: kiangazi vumbi, masika tope, na baina yake makorongo yasiyomruhusu dereva kwenda mbio hata angetaka. Hapakuwa na haja ya kumhubiria mtu mwendo wa pole, mashimo yalimhubiria. Katika miaka ya karibuni lami imeingia huko, kipande baada ya kipande, na safari iliyoweza kummaliza mtu kutwa nzima imekuwa ya saa chache. Watu wamefurahi, nao wana haki ya kufurahi. Lakini lami ilipokuja iliiondoa breki ile ya zamani, na si wengi waliojiuliza ni nini kimewekwa mahali pake.

Mimi ni mtu wa kisiwani. Unguja yetu haina mlima; pahala pake palipoinuka kuliko pote hapafiki mita 150 juu ya usawa wa bahari. Kwetu sisi breki ni kitu cha kusimamishia gari penye njia panda au ng'ombe anapokatisha, basi. Huko Buha ni habari nyengine. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na miji ya Kasulu na Kibondo iko juu zaidi, kupita mita 1,200. Baina yao kuna vilima, mabonde na mito iendayo Malagarasi. Dada yangu ameolewa Kasulu, na ni ndani ya gari la mwanawe nilipojifunza kwamba mteremko nao una elimu yake.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza yenye turbo, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Vijana wa Afrika Mashariki wanaipenda gari hii kwa sababu inayoeleweka: mwaka 1997 Colin McRae aliishinda Safari Rally ya Kenya akiendesha Impreza, na picha zile za gari la buluu likitimua vumbi hazijatoka machoni mwa watu. Mpwa wangu hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa na duka Kasulu na wateja Kibondo, na kila wiki alikwenda na kurudi, mara nyingi akiwa na mama yake na wanawe wawili kiti cha nyuma. Alikuwa ameweka akiba, si nyingi, na alikusudia kuitia katika injini: bomba la moshi lenye mlio mzito, na fundi wa kuiongeza nguvu ile turbo.

Siku moja tulikuwa tukiteremka kwenda Kigoma. Baada ya kona kadhaa harufu kali iliingia ndani, mithili ya kitambaa kilichoungua, na mguu wake ukaanza kuzama kwenye kanyagio kuliko kawaida. Akatia gia ndogo, gari likapungua, tukaegesha pembeni hadi magurudumu yalipopoa. Wajukuu wa dada yangu walidhani tumesimama kununua ndizi. Mama yao mkubwa alikuwa kimya, na kimya chake kilinitosha.

Hesabu yake si ngumu. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 400, nishati inayopatikana, lau ingebebwa na breki peke yake, ni sawa na kulisimamisha gari hilo hilo kiasi cha mara kumi kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa. Nishati hiyo haipotei, inageuka joto. Na kasi ukiizidisha mara mbili, joto la kulisimamisha gari huzidi mara nne. Ndiyo maana dereva wa milimani huteremka kwa gia ile ile ambayo angepandia, injini ikibeba sehemu ya mzigo. Anayeshuka akiwa ameukalia mguu wa breki anapika chungu ambacho hakioni.

Jioni ile, tukiwa Kigoma, tulizungumza. "Mjomba," aliniambia, "breki kubwa ni za matajiri." Tulimwendea fundi mtu mzima, mwenye maneno machache, naye akatuonyesha kwamba sivyo. Mpangilio wake niliuandika, kwa sababu ulikuwa na mantiki ya mtu anayejua kuhesabu shilingi.

Kwanza, matairi. Gari zima linaishika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kiasi cha kiganja cha mkono. Tairi kongwe lililokauka likiteleza, hapana breki duniani itakayolisaidia. Pili, mafuta ya breki, ambayo bei yake haifiki hata ile ya kujaza tangi petroli. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Ya DOT 4 huanzia 230, na yakichoka 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Kanyagio linakwenda chini wala hapana kinachobana. Fundi alishauri tutie DOT 4, tutoe upepo wote, na tubadilishe kila miaka miwili.

Tatu, pedi. Hapa alionya mambo mawili. Pedi za bei ya kutupa, zinazouzwa bila ya jina la kueleweka, hupoteza mkamato mapema zikipata moto. Na pedi za mashindano nazo hazifai barabarani, kwani hutaka joto jingi ndipo zishike. Asubuhi ya baridi ya Kibondo zitamwacha mtu katika kona ya mwanzo. Panapofaa ni katikati: pedi imara za gari la barabarani, zizoeshwe kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila ya kusimama kabisa, kisha ziachwe zipoe. Nne, diski nzima zisizo na nyufa wala mawimbi. Zile zilizotobolewa matundu alizicheka: zinapendeza kwa macho, na huweza kupasuka kuanzia penye tundu.

Mwisho kabisa ndiyo kalipa, kile kibano kinachoikumbatia diski. Subaru zenye nguvu zaidi zilitoka na kalipa za mbele za pistoni nne pamoja na diski za milimita 294, na hizo hupatikana zilizotumika na huingia katika ndugu zake wadogo, ilimradi rimu ziwe na nafasi. Kwa kawaida za inchi 16. Sharti zinunuliwe jozi, pistoni zisiwe na kutu, na mipira yake ya ndani ibadilishwe. "Lakini hizi," alisema, "hazikusimamishi mara ya kwanza kuliko tairi lako linavyoweza. Hizi zinakusimamisha mara ya kumi kama ulivyosimama ya kwanza."

Wapenzi wa ushairi watalielewa neno hilo. Mshororo wa mwisho wa ubeti tunauita kituo, nalo linatokana na kutua: ndege hutua, mpagazi hutua mzigo, nahodha hutua tanga. Malenga mchanga hujaza vina na mizani ikatimia, akakimbia mishororo mitatu kwa raha zake, kisha kituo kikamshinda. Bingwa hujulikana hapo, tena si katika ubeti wa kwanza, bali katika wa kumi, maneno yanapokuwa yameanza kumwishia.

Mpwa wangu aliliacha bomba la mlio. Akiba yake ilitosha matairi, mafuta, pedi na diski. Kalipa zinasubiri msimu mwema wa biashara. Miezi michache baadaye nilipanda naye tena mteremko ule ule. Hapakuwa na harufu, na kanyagio lilikaa juu kama jiwe. Dada yangu aliimba njia nzima.

Lakini nilikuwa nikitazama nje zaidi kuliko ndani. Kutoka Kasulu kwenda Kibondo, kupita Makere na njia ya kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, kingo za barabara zina watu: wanaume wakisukuma baiskeli zilizoelemewa na mihogo, wanawake na kuni kichwani, watoto wa skuli wakitembea watatu watatu. Hao hawakuinunua Impreza, na hapana aliyewauliza iongezwe nguvu kiasi gani. Mwendo ni starehe ya mwenye gari. Breki ni haki ya wale anaowapita.