Blada za Keria

Nilifika Garissa kutoka Hola mwaka wa 1994, na kibarua cha kwanza nilichopata kilikuwa kuchuuza maji kwa baiskeli. Mitungi minne ya lita 20 kwenye Black Mamba moja ni kilo 80, na kutoka mtoni Tana kwenda bula, yaani mitaa, za juu unasukuma tu, mchanga ule haupandiki.

Kufunga mitungi, nilianza na kamba ya katani. Ikilowa hujikaza hadi fundo halifunguki, ikikauka njiani hulegea, na maji ya mitungi hayaachi kuilowesha. Nikanunua ile ya plastiki ya buluu. Jua la Garissa liliitafuna. Baada ya miezi michache ukiipapasa inakuachia unga viganjani. Siku niliyokuwa navusha mafuta ya kupikia kwenda Madogo ilikatika katikati ya daraja. Mtungi mmoja ukapasuka, lami ikawa utelezi, na dereva wa lori akanitukana kwa lugha tatu. Yale mafuta niliyalipa kwa wiki mbili.

Ndipo nikageukia blada, yaani mikanda ya mpira inayokatwa kwenye tyubu kuukuu. Malori ya kwenda Dadaab yalikuwa yakitoboka matairi kila siku, na mafundi wa pancha wakitupa tyubu. Watu hudhani tyubu ni tyubu. Ya baiskeli ni nyembamba, haifai ila kwa mkoba. Ya lori ndiyo yenyewe, lakini uikague: yenye viraka iache, iliyomwagikiwa dizeli imekwisha kuvimba na kulainika. Unaikata kwa urefu, upana wa vidole viwili, wembe ukiuchovya kwenye maji ya sabuni ili usikwame. Kisha unapitisha kidole gumba ukingoni taratibu. Ukihisi kijino, hata kidogo kama punje ya mtama, kata upya, maana mpasuko huanzia hapo hapo. Uzuri wa blada ni kwamba mzigo ukiruka shimoni, nayo huvutika na kurudi. Kamba hubaki imeduwaa.

Mvua za El Niño za 1997 zilipokata barabara, malori hayakuja na tyubu zikaadimika. Akina mama wa maziwa ya ngamia walikuja kwangu kuomba vipande. Nilikuwa navyo, kwa sababu sikuwahi kuziacha blada zangu zimevutwa kwenye keria usiku kucha, wala juani bila mzigo. Hupasuka nyufa. Nilizitundika ndani, nyuma ya mlango, na mke wangu akalalamika miaka yote kwamba nyumba inanuka gereji.