Nyumba za Wafumaji wa Spitalfields



Ndugu wasomaji, Jumamosi moja tuliwachukua watoto wetu mpaka Spitalfields, mashariki ya jiji la London, kuswali adhuhuri katika msikiti wa Brick Lane. Jengo hilo lina historia ya ajabu. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la wakimbizi wa Kifaransa, likawa sinagogi la Mayahudi mwaka 1898, na tangu 1976 ni msikiti. Wengi waliohamia mtaa huo waliswali humo kwa dini yao.

Baada ya swala tulipita Fournier Street, iliyo ubavuni mwa msikiti. Nyumba zake ni za matofali, ndefu na nyembamba, nyingi zimejengwa katika miaka ya 1720. Mtoto wetu mdogo akauliza kwa nini madirisha ya chini ni ya kawaida, lakini baadhi ya nyumba zina dirisha moja pana chini ya paa, lililochukua takriban ukuta mzima.

Jawabu lake ni kazi. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa aliwaondolea Waprotestanti haki ya kuabudu. Maelfu wakakimbilia Uingereza, na wafumaji wa hariri wengi wakakaa hapa. Mfumaji wa hariri hutambua nyuzi kwa rangi, na rangi haitambulikani gizani. Kwa hiyo kitanda cha mfumi kiliwekwa orofa ya juu kabisa, ambako mwangaza haukuzuiwa na paa la jirani. Katika nyumba za matajiri, mnunuzi alipokewa chini na jamaa wakakaa katikati. Wafumaji maskini walikaa vijumba vidogo upande wa mashariki, nao pia walitoboa madirisha mapana juu. Kazi yao ilififia hasa baada ya mkataba wa mwaka 1860, ulioruhusu hariri ya Ufaransa kuingia bila ushuru, madirisha yakabaki.

Tulipotazama juu tulikumbuka kwetu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, duka hukabili njia na jamaa hukaa ghorofani. Lamu, mfanyabiashara alimpokea mgeni dakani au barazani, na ndani kukabaki kwa wenyewe. Wazee wetu na wafumaji wale hawakujuana, lakini walikubaliana jambo moja: riziki iingie nyumbani, bali isivunje sitara ya nyumba.

Hapo ndipo tulipojiona tuna makosa. Kwetu cherehani ilikaa pembeni mwa chumba cha kulala, penye giza. Wateja wa mabuibui waliingia saa yoyote, wakapita juu ya mswala na madaftari ya watoto. Mama alishona usiku kwa taa huku macho yakimuuma, na mtoto alilala kwa mngurumo wa mashine. Tulidhani dhiki ile ni ya udogo wa nyumba, kumbe nusu yake ilikuwa ya mpango.

Tuliporudi tuliisogeza cherehani mpaka dirishani sebuleni. Tukatundika pazia zito kati yake na pahala pa kuswalia, sindano na mikasi tukaviweka katika kasha lenye kufuli, na wateja tukawawekea saa za asubuhi, watoto wakiwa skuli. Pia tulimwandikia mwenye nyumba kuomba ruhusa, kwani mikataba mingi ya kupanga hukataza biashara isiyoarifiwa. Wateja wawili walikasirika wakatuhama. Lakini jioni, baada ya maghribi, mashine hufunikwa kitambaa, na nyumba hurudi kuwa nyumba.

Tunawaomba wasomaji wanaoshona, wanaopika sambusa za kuuza au wanaosomesha Qur'ani majumbani, wakitembelea London, wapite mtaa ule na wainue macho. Kisha warudi makwao, watazame dirisha lao liko wapi na mlango wao unamwingiza nani.

Wabillahi tawfiq.