Nauli ya Meli Isiyoondoka: Tuliyoyaona Bukoba na Muleba

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Mwanza ana njia tatu: ya angani, ya nchi kavu na ya majini. Ya nchi kavu hupita Muleba na Biharamulo na kulizunguka ziwa, nayo imefupishwa na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Lakini kwa mwenye mikungu ya ndizi na magunia, njia ya maji bado ina wapenzi wake. Meli huondoka Bukoba usiku, hutua Kemondo kuchukua abiria na mizigo, na kulipokucha wasafiri huyaona majabali ya Mwanza.

MV Victoria ilianza kazi hiyo mwaka 1961, zama za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Ilisimama mwaka 2014, ikarudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Nako Muleba kuna watu wa Bumbire, Goziba, Kerebe na Ikuza, ambao ni watu wa visiwani. Hao hawana daraja wala barabara ya kuwafikisha bara. Chombo kisipoondoka, hapana budi kungoja.

Na vyombo havikosi kukawia. Mara upepo huchafua ziwa, mara mtambo huharibika. Hapo ndipo huzuka jambo tulilolishuhudia katika bandari mojawapo ya upande huu, ambalo twapenda kulieleza, kwani ladhuru nyumba nyingi.

Mama mmoja alikuwa akishindana na karani wa tiketi. Alilipa shilingi 45,000 kwa nafasi ya kitanda, na safari ikavunjwa. Akahamishiwa safari ya juma lililofuata, lakini vitanda vilikuwa vimekwisha. Akapewa kiti cha shilingi 30,000, akaambiwa kwamba shilingi 15,000 zilizosalia ni akiba yake ya safari nyingine. Safari ya pili nayo ikavunjwa. Alipotaka fedha zake, karani alifungua daftari akamwonyesha shilingi 30,000 tu.

“Mama, ile akiba muda wake umepita,” akasema.

“Mwanangu,” akajibu mama yule, “mimi sikupitwa na muda. Meli ndiyo haikuja.”

Alirudishiwa zile 30,000. Kwa habari ya 15,000 akaambiwa asubiri.

Tupime basi maneno ya pande zote mbili. Karani asoma tiketi ya mwisho, na tiketi ya mwisho ni ya 30,000. Mama ahesabu kilichotoka mkononi mwake. Sisi twaona haki i kwa mama. Nauli ni ujira wa kuchukuliwa, na asiyechukuliwa hajawa na deni la ujira. Kuihamisha tiketi toka siku hii hadi siku ile hakupunguzi kitu katika fedha iliyotolewa, na ile iitwayo akiba si hisani ya mwenye chombo, bali ni deni lake. Kikomo cha muda chaweza kuhesabiwa tu ikiwa abiria alielezwa tangu mwanzo, naye akakubali hali anao uwezo wa kuchagua fedha taslimu.

Lakini mwenye chombo naye ana haki yake. Abiria aliyechelewa kwa uzembe, kiti chake kikaenda kitupu, hawezi kudai kama yule aliyeachwa na meli. Huyo huhukumiwa kwa masharti ya tiketi yake.

Wala mgogoro huu si wa ziwa letu peke yake. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, meli kubwa za matembezi zilisimama duniani kote. Makampuni mengi yaliwapa abiria hati za akiba badala ya fedha, mengine yakiandika 125 kwa kila 100 iliyolipwa. Safari mpya zilipovunjwa tena, wakaulizana: je, ile nyongeza yarudi? Je, fedha ya asili yarudi kama fedha au kama karatasi? Tarehe 13 Mei 2020 Kamisheni ya Ulaya ilishauri kwamba hati hizo zitolewe kwa hiari ya abiria, na zisipotumika zirudishwe kwa fedha. Mwaka huohuo Hija iliwekwa kwa waliokuwamo Saudi Arabia tu, na waliokwisha kulipa katika nchi nyingine wakakabiliwa na swali hilihili.

Lakini kwetu jambo hili lina uzito kupita fedha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430, nao waliokufa walihesabiwa zaidi ya 800. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Tangu hapo kila mtu wa Kagera ajua kwamba nahodha anayekataa kuondoka huenda ameokoa roho za watu. Basi abiria ajuaye kwamba nauli yake ni salama atangoja kwa utulivu; aogopaye kuipoteza atamshurutisha nahodha, au atapanda mtumbwi wowote uondokao.

Kwa hiyo twawanasihi wasomaji wetu. Safari ikivunjwa, ulizeni kabla ya kukubali siku nyingine: Je, naweza kurudishiwa fedha? Akiba yangu ni kiasi gani, na mpaka lini? Safari ya pili ikivunjwa, itarudi yote? Majibu yaandikwe nyuma ya tiketi pamoja na tarehe na sahihi, na tiketi ya kwanza isitupwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yatuamuru kuyaandika madeni, na nauli ya meli isiyoondoka ni deni kama madeni mengine.