Bundi wa Udongo Mwekundu

Usiku ule babu alipozidiwa, bundi alilia juu ya mnazi wetu. Mama alirusha kijinga cha moto gizani. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliokota mawe. Babu alifariki alfajiri. Alikuwa ameugua kifua kwa miezi minne, lakini lawama zote zilimwendea ndege. Bundi ni uchuro, tuliambiwa.

Mwaka jana nilirudi nyumbani Kilifi, nikaingia msitu wa Arabuko-Sokoke na kijana mmoja anayetembeza wageni. Tuliipita mirihi kwenye mchanga mweupe, kisha udongo ukawa mwekundu na vichaka vikasongamana. Kijana alikwenda polepole, akikagua matawi ya chini.

"Wale pale, dada," akanong'ona.

Nilitazama sana kabla sijawaona. Walikuwa wawili, wamebanana tawini, kila mmoja hazidi sentimita 17. Mmoja wa kijivu, mwenzake rangi ya kutu, kama majani makavu yaliyonasa. Jicho moja la njano lilifunguka kidogo, likafumba.

Huyu ndiye bundi mdogo wa Sokoke. Wanasayansi walimgundua humu mwaka 1965. Anaishi hapa na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania.  Hula wadudu. Usiku huita kwa mluzi mfupi, tena na tena, wala hasogelei mapaa ya watu.

Tulipokuwa tukirudi, kijana alinionyesha kisiki.

"Muhugu," akasema. "Wanakata kwa siri, kwa ajili ya vinyago. Miti ikipungua huku kwenye udongo mwekundu, hawa hawana pa kuhamia."

Sikumjibu. Muhugu naujua kwa harufu. Mjomba alikuwa akiuleta usiku, magogo mafupi yamefungwa kwenye baiskeli, na karo yangu ya sekondari ilitoka humo.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamwambia nimeona bundi wawili.

"Walilia?" akauliza haraka.

"La. Walikuwa wamelala." Kisha nikamuuliza, "Mama, ule muhugu wa mjomba ulitoka wapi?"

Akanyamaza kidogo.

"Ulitaka usome, au usisome?"

Bado sijampa jibu. Nilisoma, na nashukuru. Lakini siku hizi bundi akilia usiku, siokoti jiwe. Nafikiria ile baiskeli, na nani kati yetu alikuwa uchuro wa mwenzake.