Mgeni Akisema Lugha ya Wenyeji wa Ulaya

Watu wa Afrika ya Mashariki wanajua jinsi Mzungu apokelewavyo anapojaribu kusema Kiswahili. Akitoa salamu tu, watu hufurahi na kumsifu kwamba ni hodari. Akivuruga ngeli zote, hakuna amkosoaye. Basi mtu wa Mombasa au wa Kisumu akienda Ulaya kwa masomo au kwa kazi, hutumaini kwamba naye atapokewa vivyo hivyo. Hununua kitabu, hukariri maneno usiku, kisha huenda dukani na kuyatamka kwa uangalifu. Mwenye duka humsikiliza kitambo kidogo, halafu humjibu kwa Kiingereza. Mgeni huyo hurudi nyumbani amenyong'onyea, akidhani kwamba amedharauliwa.

Huenda ikawa amedharauliwa kweli. Lakini mara nyingi sivyo, na ni afadhali ajue sababu, kwa kuwa Ulaya si nchi moja wala Wazungu si kabila moja. Jibu apewalo mgeni halitokani na maneno yake peke yake. Hutokana pia na mambo yaliyoipata lugha ya mwenyeji kabla mgeni hajazaliwa.

Katika Uholanzi na Denmark mgeni hubadilishiwa lugha upesi sana. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliwauliza watu wa nchi zake ni lugha zipi za kigeni wawezazo kuzungumza. Katika Uholanzi watu 90 katika kila 100 walisema waweza Kiingereza, na katika Denmark 86. Hizi ni nchi ndogo zenye biashara kubwa na mataifa mengine. Watoto hufundishwa Kiingereza shuleni wangali wadogo, na filamu nyingi za Kiingereza huonyeshwa kwa sauti yake yenyewe, tafsiri ikiandikwa chini ya picha. Kwa Mholanzi aliye nyuma ya meza ya duka, huku watu sita wamepanga mstari wakingoja, Kiingereza ni njia ya mkato. Hana nia ya kumwaibisha mtu. Pengine aona kwamba anamfanyia hisani.

Watu wa Denmark wana sababu nyingine zaidi. Lugha yao ina irabu nyingi mno, na sauti nyingi humezwa kooni, hata neno lisikiwalo halifanani na neno liandikwalo. Tena wao ni watu wapatao milioni 6 tu, na kwa muda mrefu hawakuzoea kuisikia lugha yao kinywani mwa mgeni. Akikosea irabu moja, huenda wasimwelewe kabisa. Wana mchezo wao wa kumtaka mgeni atamke “rødgrød med fløde”, jina la chakula cha matunda mekundu kiliwacho kwa malai ya maziwa. Ajaribupo, wao hucheka. Kicheko hicho si cha uadui, lakini kwa mtu aliyejitahidi mwaka mzima kina uchungu wake.

Ufaransa ina habari nyingine. Huko, katika hesabu ile ile ya mwaka 2012, ni watu 39 tu katika 100 waliosema kwamba waweza Kiingereza, kwa hiyo mgeni hana budi kujaribu Kifaransa. Na kosa lake la kwanza kwa kawaida si la sarufi. Mtu aingiaye dukani asiseme “Bonjour”, akaanza moja kwa moja kuuliza bei ya mkate, ni kama aingiaye nyumba ya watu wa Pwani bila kupiga hodi. Maneno yake yajapokuwa sahihi kama ya kitabuni, atajibiwa kwa ubaridi. Akitanguliza salamu, na kumwita mwenye duka “Madame” au “Monsieur”, husamehewa makosa mengi yafuatayo.

Kusamehewa, hata hivyo, si kuachwa bila kukosolewa. Mgeni hulitumia jina la kike kana kwamba ni la kiume, na papo hapo Mfaransa hulirudia jinsi lipasavyo. Wageni wengi huona hiyo ni kiburi. Lakini mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza aliamuru kwamba hukumu na hati za serikali ziandikwe kwa Kifaransa, na mwaka 1635 Richelieu akaliunda baraza la kuitunza lugha hiyo, Académie française, ambalo lipo hata leo. Pamoja na hayo yote, mwaka 1794 padre Grégoire aliiarifu serikali ya mapinduzi kwamba raia waliosema Kifaransa sawasawa hawakuzidi milioni 3. Mamilioni ya wengine walisema Kibretoni, Kioksitani na lugha nyinginezo. Shule ndizo zilizotumiwa baadaye kuzifuta. Mtoto wa Bretagne aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alipewa kitu cha aibu akichukue, mpaka amsikie mwenzake akitenda kosa lile lile, ampe yeye. Na aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa adhabu hiyo kwa urefu, kwa maana kibao cha namna hiyo kilizunguka katika shule nyingi za nchi yake pia. Basi Mfaransa amkosoaye mgeni hamtendei jambo ambalo watu wake hawakutendewa. Amefundishwa tangu utoto kwamba kuipenda lugha ni kuisema bila kosa, naye hufikiri kwamba anamheshimu mgeni kwa kumpima kwa kipimo anachojipimia mwenyewe.

Akienda Hungaria, mgeni huyo huyo atashangaa. Kihungari hakina udugu na lugha za majirani zake wa Kislavi wala wa Kijerumani. Ndugu zake walio mbali ni Kifini na Kiestonia. Katika hesabu ya 2012 watu 20 tu katika 100 huko walisema waweza Kiingereza. Mhungari hatazamii kwamba mtu wa mbali atajitaabisha kwa ajili ya lugha iliyo ngumu hivyo. Kwa hiyo mgeni akisema “köszönöm”, yaani asante, hupokewa karibu kama Mzungu apokelewavyo Lamu. Mahali ambapo lugha haitarajiwi, neno dogo huwa zawadi kubwa.

Lakini penye fundisho zuri kuliko pote ni kwa mataifa yenye lugha zilizokaribia kupotea. Katika Welisi, ambako watoto wa karne ya 19 nao walivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiwelisi, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 waijuao lugha hiyo, chini kidogo ya 18 katika kila 100. Huko, mtu atokaye mbali akijifunza, wengi humwona kama aliyekuja kusaidia kuzima moto. Wabaski, waishio pande mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, wanaye neno “euskaldun” la kumtaja Mbaski, na maana yake ni mtu mwenye lugha ya Kibaski. Mgeni aliyejifunza huitwa “euskaldun berri”, yaani mwenye lugha aliye mpya. Neno hilo halimwulizi mtu damu yake wala rangi yake. Humwuliza ulimi wake tu.

Wakatalani wa Hispania walikuwa na desturi iliyowadhuru wenyewe. Zamani za utawala wa Franco, tangu 1939 hata 1975, lugha yao ilitolewa katika shule na ofisi za serikali. Watu wakazoea kwamba adabu ni kumgeukia kila mgeni kwa Kihispania. Hata lugha yao iliporudishiwa haki, desturi ile haikuondoka: mgeni husema Kikatalani, Mkatalani humjibu kwa Kihispania, na wote wawili huachana kwa heshima, huku lugha iliyotakiwa kukuzwa imeachwa mlangoni. Walipoona hasara hiyo walifanya mpango wa watu wa kujitolea, ambao kila mmoja hukutana na mwanafunzi mmoja saa moja kila juma, kwa saa zisizopungua 10, wazungumze Kikatalani tu. Hawakai darasani. Huketi mahali pa kunywa kahawa, au hutembea sokoni pamoja. Ndivyo walivyotambua kwamba mgeni hakosi vitabu. Akikosacho ni mtu wa kumvumilia.

Jambo hili si la maringo wala la mchezo. Tangu mwaka 2005 Ujerumani imeweka masomo ya wahamiaji ambayo kwa kawaida yana saa 600 za lugha. Sheria ya Uholanzi iliyoanza kutumika mwaka 2022 huwataka wahamiaji wengi kujifunza Kiholanzi mpaka kiwango cha kati, na kushinda mtihani, kwa muda wa miaka 3. Azembeaye aweza kutozwa faini. Basi mtu huyo atoka darasani asubuhi, ambako ameamriwa kusema. Aingia dukani mchana, ambako ananyamazishwa kwa upole. Serikali yamwambia sema, na mtaa wamwambia usijisumbue. Mwisho wa miaka, asemwe kwamba ni mvivu aliyekataa kujifunza.

Tena liko jambo zito zaidi. Kuna vijana weusi waliozaliwa Amsterdam au Copenhagen, ambao lugha ya nchi ndiyo waliyoinywa pamoja na maziwa, nao huulizwa kwa Kiingereza wametoka wapi, au husifiwa kwa kuisema vizuri. Sifa hiyo si sifa. Aisemaye amejibu uso wa mtu kabla hajasikia neno lake, na kijana hufahamu kwamba hata akisema vizuri namna gani, mlango utabaki umefungwa nusu.

Afanyeje mgeni? Kwanza asikimbie. Akijibiwa kwa Kiingereza, aendelee kwa lugha ya mwenyeji, na aseme kwa adabu kwamba anajifunza na angependa kusaidiwa. Aombapo hivyo, wengi hukubali. Pili, asichague saa ya msongamano dukani kuwa saa ya masomo. Awatafute wazee wenye nafasi, watoto wasiojua bado Kiingereza, kwaya, au timu ya mpira. Tatu, ajifunze salamu kabla ya sarufi. Naye mwenyeji ana wajibu wake: angojee neno la pili. Kumpunguzia mtu taabu ya kusema ni wema wa dakika moja. Kumvumilia mpaka amalize ni wema wa kudumu.

Wala fundisho hili si la Wazungu peke yao. Mzungu husifiwa Nairobi kwa “jambo” moja. Lakini mkimbizi atokaye Sudani ya Kusini au Somalia, ajaribuye Kiswahili sokoni kwa sababu hana lugha nyingine ya kununulia unga, mara nyingi huigizwa sauti na kuchekwa. Yule wa kwanza aweza kuishi bila Kiswahili. Huyu wa pili hawezi. Mwenyeji na ajiulize ni nani kati yao amhitajiye zaidi asikilizwe kwa saburi.