Dakika Tatu za Teddy Wilson

Mtunzi wa shairi hupewa vina na mizani, akaambiwa: humu ndimo utakamoyaweka yote uliyo nayo. Teddy Wilson, mpiga piano, alipewa upande mmoja wa santuri, yaani dakika tatu hivi. Kipimo hicho si kigeni pwani: Siti binti Saad na wenzake walikikabili walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi.

Tarehe 2 Julai 1935, mjini New York, Wilson, kijana wa miaka 22, aliwarekodia Brunswick akiwa na wapigaji sita, pamoja na Billie Holiday, mwimbaji wa miaka 20. Wapigaji saba hao santuri iliwaita okestra. Soko lililolengwa lilikuwa mashine za muziki zinazotiwa sarafu katika mabaa ya Wamarekani weusi. Nyimbo nyingi zilikuwa za msimu, maneno yake mepesi kama makapi. Holiday alilipwa ujira wa mara moja, pasi na mrabaha.

Hata hivyo, sikiliza walichokifanya. Holiday huliachia pigo litangulie, kisha hulifuata kwa raha zake, na neno lililokuwa jepesi likapata uzito wa mtu aliyeyaona ya dunia. Mkono wa kushoto wa Wilson hutembea bila papara. Wa kulia hutiririsha sauti mojamoja, safi kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Mwimbaji anapovuta pumzi, piano hujibu, anaporejea, humpisha. Mnamo Januari 1937 Lester Young alijiunga nao kwa saksafoni, na tangu hapo sauti ya Holiday ikapata pacha.

Katika kundi la 1935 alikuwamo Benny Goodman, mzungu, akipuliza klarineti. Studioni hapana aliyewaona. Hadharani mambo yalikuwa mengine: Wilson alipopanda jukwaani Chicago mwaka 1936 katika kundi la watu watatu la Goodman, weusi na weupe kupiga pamoja mbele ya watu lilikuwa jambo adimu mno.

Wilson alifariki mwaka 1986. Nyingi za nyimbo zile zingekwisha kusahauliwa lau si mikono yake na sauti ya Holiday. Hawakuchaguliwa maneno mazuri, wala hawakulipwa ya kutosha. Walichokuwa nacho ni dakika tatu, nao hawakuidharau hata moja.