Neno moja la Kiingereza

Ndugu zangu, mimi nasomea uhandisi, mambo ya lugha huwa nawaachia wenyewe. Ila Septemba 2019, mwaka wangu wa kwanza hapa Whitehall, mashariki ya Columbus, simu iliita saa nne usiku. Nyumbani ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na simu ya saa hizo mnajua haileti habari za harusi.

Alikuwa mama mdogo, Mwanza. Mwanawe, yaani mdogo wangu, aligombana na mtu kilabuni, akampiga na mpini wa jembe, yule mtu akafariki. Shtaka ni mauaji, dhamana hakuna. Wakili kawaambia kila kitu kinategemea "malice aforethought". Siku zile sheria bado zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama mwaka 2021.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Tuambie maana yake."

Nikajibu upesi, kisomi kabisa. "Malice" ni uovu, "afore" ni kabla, "thought" ni wazo. Uovu uliofikiriwa kabla. Mdogo wangu hakupanga kitu, mama, mpini aliukuta palepale. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Yeye akatulia, mimi nikakosa usingizi. Nikaanza kulichimba lile neno.

Kumbe "aforethought" ni tafsiri tu. Wanasheria wa Uingereza walikuwa wakiandika Kifaransa cha Wanormani, na neno lao lilikuwa "purpensé", ambalo kwa Kiingereza likawa "prepense", neno lililokwisha kufa isipokuwa kwenye vitabu vya sheria. Mzizi wake wa Kilatini ni kupima kwenye mizani. Mtu ameweka uovu kwenye mizani, ameutazama, ameukubali. Mwaka 1390, enzi za Richard II, sheria ilibana msamaha wa mfalme kwa aliyeua kwa kuvizia, kwa kushambulia au kwa "malice purpense". Kabla ya Wanormani, Waingereza walikuwa na "forsteall", kumsimamia mtu njiani ili umdhuru. Waskoti ndio walinifurahisha zaidi: walitenganisha "forethocht felony", kosa lililofikiriwa, na "chaudmella", ugomvi wa moto. Nikasema, haya, kesi ya mdogo wangu ndiyo hii ya pili! (Neno letu dhamira nalo tumelitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kitu kilichofichwa ndani.)

Halafu nikasoma kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Hapo nikaishiwa nguvu. Kifungu hakiulizi ulipanga lini. Ukikusudia kuua, au kumuumiza mtu vibaya sana, hata kama kusudio limezaliwa dakika ileile, inatosha. Hata kujua tu kwamba unachofanya huenda kikaua, inatosha. Kenya na Uganda nao wamerithi neno hilohilo. Hapa Ohio, kwa mauaji ya daraja la juu kabisa, tangu 1974 sheria inataka hesabu na mpango wa mapema, na walioiandika walisema kufikiri kwa nukta moja hakutoshi. Kwetu neno limebaki na "kabla" yake, lakini ile kabla yenyewe imetoka. Na adhabu ya mauaji kwetu ni kunyongwa.

Ikabidi nipige simu.

"Shikamoo mama. Ile niliyokwambia juzi, nilikosea."

Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo neno linasema kabla, na sheria haiulizi kabla?"

"Ndiyo mama."

"Sasa wamelibakiza la nini?"

Bwana, nimefanya mitihani mingi, swali lile lilinishinda. Nikamweleza kuhusu vifungu vya hasira ya ghafla, kwamba aliyechokozwa akaua kabla damu haijapoa anaweza kuhesabiwa ameua bila kukusudia. Ndiyo ile chaudmella, imeingia kwa mlango wa nyuma. Safari hii sikumwahidi kitu.

Mwaka 2022 shtaka lilibadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, mdogo wangu akakiri. Bado yuko ndani. Mama mdogo siku hizi hunipigia mchana, na akiniuliza neno la Kiingereza namwambia, mama, nipe siku mbili.